Shilingi Arobaini

Tulikuwa juu ya duka la vipuri, Barabara ya Kirinyaga:
meza mbili, dirisha lisilofunguka,
na harufu ya grisi iliyopanda ngazi kabla ya mteja.
Wewe, Nyaboke, mhasibu. Mimi karani wako.

Jioni moja vitabu vya Mzee Gathecha vilikataa kulingana.
Shilingi arobaini.
Nikasema nitazitoa mfukoni, twende zetu.
Ukanitazama kama mtu aliyetemea mate sahani ya wageni.
"Hazijapotea," ukasema. "Zimejificha.
Na aliyezificha hizi anaficha na nyingine."
Saa tatu usiku tukazipata: risiti ya chai
imegandamana na mgongo wa ankara ya breki.
Ulicheka hadi ukavua miwani.

Basi walipokuja kina mama wa soko kukuomba usimame wadi
hawakutafuta mwenye maneno.
Ulipanda mkokoteni na ubao mweusi, chaki mkononi.
"Mali bila daftari," ukaanza, ukanyamaza,
wakamalizia wao.
"Taa kumi na sita zimelipiwa mtaa huu. Zihesabuni."
Wakahesabu kwa sauti, wakaishia tano.
Wenzako walikuwa na spika, kofia, unga wa kilo mbilimbili.
Ulishinda kwa kura mia tatu na kumi na mbili;
nilizijumlisha mwenyewe, mara mbili.

Mwaka wa kwanza ulinipigia simu usiku kutoka Jumba la Jiji:
"Karani, mtaro wa mita mia nane unakula mifuko mingapi ya saruji?"
Nikakokotoa kitandani, mke wangu akilalamika.
Kisha simu zikawa za wiki. Kisha za sikukuu.
Kwenye runinga nikakuona nyuma ya mtu anayezungumza,
ukiitikia kwa kichwa, polepole.

Ripoti ya kamati yenu nimeisomea mezani pako.
Ukurasa wa arobaini na moja: "tofauti ndogo, zisizo na uzito."
Milioni sita.
Chini yake sahihi yako, wino wa buluu,
wewe ambaye hukuwahi kutia wino
pasipopita penseli kwanza.

Wapo wasemao ulitishwa.
Wapo wasemao bei yako ni ile lami mbele ya shule,
na lami ipo, siwezi kuikana,
viatu vya mwanangu havirudi tena na tope.
Mimi nilifunzwa hesabu ya pande mbili.
Jambo hili lilitaka upande wa tatu.

Jumamosi ulikuja. Mlinzi wako akabaki ngazini.
Ulikaa kiti chako, ukavuta droo,
penseli ilikuwa palepale, imetafunwa mwisho.
Ukaomba vitabu vya Gathecha, vya mwezi huu tu.
Kidole kikashuka na safu, midomo ikicheza,
kikokotoo hukukigusa.
"Vinalingana," ukasema.
"Hapa, ndiyo," nikasema.
Hukuinua macho.

Ulipoondoka nikanyanyua kikombe chako kukiosha.
Chini yake, sarafu mbili za ishirini.

Mpaka leo sijaziingiza kitabuni.
Sijui niziandike upande gani.