Tena

Ijumaa Kuu, saa moja jioni. Kanisa la matofali
kaskazini mwa Groningen, baridi imekaa kwenye mawe
kama mtu aliyelipia kiti.
Mimi napiga selo. Kazi yangu ni kutembea chini yake,
hatua kwa hatua, nisimtangulie, nisimwache.

Reinder Wiersema anasimama. Koti jeusi,
kifungo kimoja hakifanani na ndugu zake.
Sauti ya namna yake kwenye kwaya huitwa tena,
na wimbo huu nao umetungwa hivyo:
ukifika mwisho unarudi mwanzo,
unasema yaleyale tena, umeyavika mapambo.

Ni Petro, baada ya jogoo.
Maneno machache, Kijerumani cha kale:
Nilisema simjui. Nani sasa atanijua mimi?
Mtunzi, ambaye jina lake lililiwa na unyevu,
alilinyoosha neno kulia juu ya noti arobaini na tatu
wala hakuacha mahali pa kupumua.

Mchana, sakristiani, tulipogawana mkate wa jibini,
aliniambia kama anayesoma risiti:
"Nimetoka Delfzijl, kwa baba.
Muuguzi kamwuliza, mzee Harmannus, huyu nani?
Akanitazama sana. Simjui, akasema.
Kwa adabu, lakini. Akanipa biskuti yake."
Nikatafuta la kusema. Akanizuia kwa kisu cha siagi.
"Ngoja. Mimi ndiye niliyeanza."

Miaka kumi na tisa, chuo cha muziki, mwezi wa Novemba.
Mzee aliazima gari la jirani, akaendesha saa tatu,
akasimama mlangoni na viatu vya mti, tope limemfika magotini,
mkononi mfuko wa matufaha.
Wenzake wakauliza, ni nani yule?
"Mleta viazi," alisema. "Wa jikoni."
Mzee alisikia. Matufaha akamwachia bawabu.
Hakulitaja tena, si kwenye sikukuu,
si hata usiku ule tulipomzika mama, alisema Reinder,
na usiku ule tulikuwa wawili tu.

Obo inatangulia. Tjitske anashusha mkono.
Raundi ya kwanza ni safi, shuka ya hoteli,
haina mkunjo. Nzuri.
Katikati wimbo unageuka giza, obo inawika mara moja
(huku juu ya mnara jogoo wa shaba
anafanya kazi yake pekee, kufuata upepo),
kisha mwanzo, tena.
Kulia.
Nilikuwa nazihesabu. Kwenye noti ya ishirini na sita
akavuta pumzi,
kubwa, yenye sauti, kama mtu anayesukuma mlango
wa nyumba iliyolala.

Nilipaswa kuendelea.
Nikamngoja.
Tjitske akanikazia macho, upinde wangu umening'inia,
na Reinder akazishusha zile kumi na saba zilizobaki
bila pambo hata moja, mojamoja,
kama anayetoa matufaha mfukoni.

Ijumaa Kuu hapa hatupigiwi makofi.
Watu walivaa kofia, wakapapasa funguo za baiskeli.
Mwanamke mmoja alilia, lakini huyo hulia kila mwaka.
"Pumzi ile," Tjitske alisema akifunga kabrasha,
"kesho isiwe pale. Nawe wa selo, umelala?"
"Sawa," tulijibu pamoja.

Delfzijl haikuwa njia yangu. Nilikata kona bila kuulizwa.
Saa za wageni zilikwisha zamani; dirisha la pili kutoka kushoto
lilikuwa na taa, ndogo, ya usiku.
Hakufungua mkanda. Akatoa biskuti mfuko wa koti,
imevunjika ndani ya karatasi yake,
akanipa kipande kikubwa.
Tulitafuna. Ilikuwa na ladha ya mdalasini na ya koti.
Kisha akaniomba niwashe gari.
Kisha akaniomba nizime.