Kisima cha Skuli, Shumba

Mize Faki hakunyanyua mkono.
Alisimama tu, katikati ya sentensi yangu,
chaki bado imo ndani ya neno "mvukizo",
akasema: Mwalimu, mbona maji ya kisima chetu
Ijumaa yalikuwa ya pepo
na leo yanakata ulimi?

Darasa la tano likanyamaza.
Kimya hicho nakijua.
Ni cha watoto wanaongoja dasta itue mahali.

Miaka ishirini na mbili nyuma,
dawati lilelile la dirishani,
babake aliniuliza neno hilohilo.
Faki, miguu vumbi tupu, shati halina kifungo.
Nilimjibu kwa mgongo wa dasta,
juu ya vifundo vya vidole,
kisha nikamwandikisha:
Maji hayana rangi, hayana ladha, hayana harufu.
Mara hamsini aliandika,
na chumvi ingali mdomoni mwake.

Safari hii niliweka chaki chini.
Sijui, nikasema.
Silabi tatu tu, zikanitoka
kama mwiba wa changu uliokwama kooni
tangu chuo cha ualimu.

Basi tukatoka nje.
Kombo akasema ni jini, kaudhiwa na ndoo zenye kutu.
Andika, nikamwambia. Na jini tutamsaili.
Tumu akasema ni kina mama, wanafulia karibu mno.
Andika.
Mize hakusema kitu. Kainama ukingoni,
anahesabu mawe yaliyolowa.

Vyombo hatukuwa navyo.
Tulikuwa na kamba ya usumba, fundo kila shubiri,
na kipande cha sabuni ya mche,
na vifuniko vya makopo ya rangi.
Kila asubuhi Tumu alijisugua kiganja mara kumi:
povu tele, povu haba,
au utando wa kijivu usio na maana.
Kombo alianika maji juu ya bati
na adhuhuri akaparura kwa ukucha kilichobaki.
Akaonja. Akaandika:
Jini ni mweupe. Ana chumvi.

Kamba yetu ikapungukiwa.
Kesho yake Mize akaja na nyingine, ndefu,
ingali na harufu ya makumbi.
Baba kaisokota usiku, akasema.
Salamu hakuleta.

Likaingia bamvua.
Bahari ikapanda hadi kwenye mikoko nyuma ya msikiti,
nasi tukasema, leo ndiyo leo!
Tukateka, tukaonja.
Maji ya pepo.
Darasa zima likanitazama
kana kwamba chumvi nimeificha mimi.
Nililala vibaya usiku ule, na nilifurahi, sijui kwa nini.
Siku mbili baadaye, bahari ishaanza kurudi kwao,
sabuni ikakataa.

Ndiyo siku aliyofika mkaguzi kutoka Wete.
Alikuta madawati matupu,
ubaoni tarehe ya wiki iliyopita,
na watoto arubaini na saba wamelizunguka shimo.
Muhtasari unataka muwe ukurasa wa sitini, akaniambia.
Mko wapi?
Tupo kisimani, bwana.
Na jibu mmelipata?

Nikampa daftari: mafundo, povu, umri wa mwezi,
jini wa Kombo aliyekatwa kwa mstari mmoja
na kina mama waliokatwa kwa miwili,
na chini kabisa, mwandiko wa Mize, wino umevuja:
Bahari inatufikia kwa chini. Lakini inachelewa.
Inapita wapi?

Alisoma. Akarudia.
Jua lilikuwa la utosi, akaomba maji.
Tumu akamtekea kwa kata.
Akapiga funda moja, uso ukamkunjamana.
Yana chumvi haya, akasema.

Mize akafungua ukurasa mpya,
akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi.
Kiasi gani?