Kucha Moja

Ndimu tatu, mafuta ya taa, sabuni ya mche,
na bado kucha ya kidole gumba
imebaki na grisi yake
kama shahidi aliyekataa kuhongwa.

Dada Mwanahamisi kageuza ndoo, kaikalia,
kavaa miwani ya marehemu baba:
usiku huu yeye ni jopo zima.
"Jieleze."
"Naitwa Mhina Semboja, nimezaliwa Muheza, mwaka..."
"Hayo yamo kwenye karatasi, na karatasi ninayo.
Wewe umo wapi?"

Tukarudia mpaka chai ya mchaichai ikapoa,
mpaka jirani akagonga ukuta:
"Mpeni kazi huyo, tulale!"

Swali refu lijibu kwa kifupi.
Pumua kwanza, hakuna anayekukimbiza.
Usilolijua, sema hulijui,
kisha sema utamwuliza nani.
"Na hili pengo?"
Miaka miwili mitupu, kati ya cheti na leo.
Nikasema nitasema nilikuwa najiendeleza.
Dada akavua miwani.
"Njia ya mwongo fupi, Mhina,
na wewe fundi baiskeli hata baiskeli huna."

Asubuhi, shati la kuazima, harufu ya pasi ya mkaa.
Nikatoka Ngamiani kwa miguu, mapema makusudi,
nikavuka reli kwenda Chumbageni polepole
ili jasho likauke kabla ya mlango.
Benchi lilikuwa na watu saba, kila mtu na bahasha ya kaki;
mmoja akinong'ona Kiingereza
kama anayevuta tasbihi.

Ndani: watu watatu, feni moja, jagi la maji.
Bi Shekue, wa katikati, hakuniuliza kuzaliwa.
Kalamu yake ilikwenda moja kwa moja pengoni.
"Hapa ulikuwa wapi?"

Uongo ulikuwa tayari, umepigwa pasi pamoja na shati.
Nikatazama kidole gumba.
"Barabara ya Tisa, chini ya turubai, natengeneza baiskeli.
Baba alikuwa kitandani, nisingeweza kwenda mbali.
Nilikuwa na daftari: spoku ngapi zimeingia, ngapi zimetoka,
nani kachukua tairi kwa ahadi ya Ijumaa,
na Ijumaa ipi.
Miaka miwili, nati moja tu ndiyo sijui ilikokwenda."

Bwana wa kushoto akaacha kuchezea kifuniko cha kalamu.
"Ghala letu," akasema, "lingefurahi kupoteza moja."

"Una swali?"
Ulimi ukataka kusema hapana, asante.
Nikauliza: aliyekuwa na funguo kabla yangu
alimkabidhi nani, na kwa maandishi gani?
Wakatazamana.
Feni ikabaki inazungumza peke yake.

Leo Jumatano. Hawajapiga.
Dada hakuuliza kama nimepata,
aliuliza kama nilikaa wima.
Nipo chini ya turubai, mnyororo wa mteja mkononi,
simu juu ya boksi la spoku, kioo juu,
na kila ikilia
nafuta mikono kwanza.