Nukta ya Njano

Mexicali, Agosti, saa nane mchana.
Lami imelainika hadi stendi ya pikipiki inazama,
na mbwa wa karakana kahamia chini ya sinki.
Rosaura Tirado anaingiza Nissan yake ya kijivu,
usukani kauvika taulo bichi
asiungue viganja.
"Asubuhi kinapuliza baridi. Mchana, pumzi ya mbwa."
Mafundi watatu wamekwisha kumwongezea gesi,
watatu wakapokea pesa, wakafunga boneti,
wakamtakia safari njema.

Don Fidencio hajibu. Sikio lake la kushoto
lilifia zamani katika kiwanda cha chupa,
la kulia husikia likipenda.
Ananiuliza mimi: "Klachi imelia?"
Imelia. Tak. Kimya. Tak tena,
mbio mbio, kama mtoto anayebisha hodi na kukimbia.
Yeye kakamata bomba nene,
lile lipasalo kutoka jasho kama chupa ya bia.
Vuguvugu.

Tukafunga geji, mpira wa bluu, mpira mwekundu.
Mishale yote miwili imelala.
"Gari halili gesi hii," akasema.
"Ikipungua, imetoka.
Ikitoka, pana mlango."

Tukatia rangi ya kung'aa na gesi ya kuisukuma,
tukamwacha aende zamu yake hospitalini.
Akarudi saa kumi na moja alfajiri, viatu mkononi,
akakaa juu ya tairi kuukuu, akasinzia.
Don Fidencio akazima taa zote.
Mimi nikashika tochi ya zambarau.

Kondensa: safi.
Shingo ya kompresa: safi.
Tundu la maji chini ya dashibodi: maji tu.
Nyuma ya betri, kwenye kiungio,
kijani. Kijani cha jicho la paka.
Na ubavuni pake, juu ya nati, nukta ya njano.

Nukta ile naijua.
Don Fidencio huipaka kila nati aliyoikaza mwenyewe,
kwa rangi ya kucha aliyoiacha marehemu mkewe.
Nikasogeza mwanga pembeni
kana kwamba sijaona kitu.
Akanishika kifundo cha mkono,
akaurudisha palepale.

Tulivuta gesi yote, akafungua.
Oringi nyeusi, imekakamaa, imechanika
ufa mwembamba kuliko unywele.
"Mwaka juzi, Machi," akasema. "Za kijani zilikuwa zimeisha.
Nikajiambia hii itatosha."

Angeweza kusema ni jiwe.
Barabara ya San Felipe haikosi mawe,
na mwanamke alikuwa na usingizi.
Akaenda akachuchumaa mbele yake,
oringi kiganjani, akamweleza,
kwa sauti kubwa mno, kama viziwi wasemavyo,
hata mwuza tamale ng'ambo ya barabara akageuka.

Rosaura aliitazama kwa muda.
"Kiangazi kizima," akasema,
"nimekwenda kazini na blauzi ya akiba."
Kisha: "Na wale watatu hawakuiona?"
"Hawakutafuta."

Oringi ya kijani, tone la mafuta, kikausho kipya.
Pampu ikanyonya hewa dakika arobaini na tano.
Tukaizima, tukautazama mshale
kama watu wanaongoja majibu ya daktari.
Haukutikisika.
Gesi tukaipima kwa mizani, gramu kwa gramu,
kipimajoto tukakichomeka kwenye tundu la kupulizia:
thelathini na mbili. Kumi na tisa. Kumi. Sita.
Nje jua lilishaanza kuchoma mabati.
Akalitoa taulo kwenye usukani,
akalitupa kiti cha nyuma. Pesa tulizikataa,
naye hakusisitiza.

Don Fidencio alikuwa bado kainama,
anaikwangua nukta ya zamani kwa ukucha.
Nikamletea kichupa cha rangi.
"Ngoja," akasema.
"Tuione Septemba kwanza."