Kuuma na Kupuliza

Saa kumi na mbili asubuhi, Kabete bado ina umande,
ninakama.
Si ng'ombe. Hao wako ng'ambo ya ua, wanamlilia Mutinda na ndoo yake.
Ninakama chungu cha risasi kilichoshuka juzi uwanja wa ndege,
na maziwa yake hayana rangi, hayana harufu,
yana haraka tu.
Kila saa sita nusu yake hutoweka.
Ukiyafunika, hutoweka. Ukiyaombea, hutoweka.
Kabla hatujapata chungu chetu dozi ilitujia kwa gari kutoka Upper Hill,
na foleni ya Waiyaki Way ikitushika
ilifika imekatwa, kama mshahara.

Risasi, nimesema.
Lugha yetu imetoa jina moja
kwa kinachoua na kinachokinga.

Panya ni wa kumi na saba.
Kiganjani ni sarafu chache za nauli, zenye joto.
Kitabuni hana jina; Wafubwa anayewalisha humwita Karani,
kwa jinsi anavyosugua mikono kabla ya kula.

Husemwa panya huuma huku akipuliza,
ndiyo maana aliyelala haamki,
kidonda hukiona asubuhi.
Leo zamu imegeuka.
Tunampulizia usingizi kwa kibomba,
kisha sindano, mshipa wa mkia,
na ninajikuta nami nimebana pumzi.

Kamera hii haina kioo, haitaki mwanga.
Ina tundu moja katika risasi,
jembamba kama lile lililomshinda ngamia,
na panya mzima anapita,
kichwa chini, miguu juu,
chembe kwa chembe.
Nukta.
Kimya.
Nukta mbili,
kama mvua inavyoonja mabati ya Kawangware
kabla haijaamua.

Cha kwanza kuwaka ni kibofu.
"Gharama yote hii," Daktari Jerop alisema siku ya kwanza, "tuje kuona mkojo!"
Halafu uti wa mgongo, pingili baada ya pingili,
taa za barabarani zikiwashwa na mtu asiye na haraka.
Halafu pale, juu ya goti la kushoto,
mahali ambapo hapakupaswa kuwa na sherehe.

Stima ikayumba. Jenereta ikakohoa nje.
Gizani tulihesabu pumzi zake kwa mdomo,
watu wazima watatu.

Zamani kila swali lilikuwa na mzoga wake.
Jumatatu kumi, Jumatano kumi, Ijumaa kumi,
tuwapasue tuone ugonjwa umefika wapi.
Wafubwa alibeba ndoo, hakusema neno,
ila alinawa mara mbili.
Sasa Karani anajibu Jumatatu,
anaamka, anakula, anasugua mikono,
anajibu tena Ijumaa.

Usidhani ni huruma iliyoleta mashine.
Ni hesabu: panya akilinganishwa na nafsi yake
hakosewi kwa kufananishwa na jirani.
Huruma ilipanda gari hilohilo
bila kulipa nauli.

Wiki ya sita karatasi ilisema mwisho.
Goti lilikuwa limefifia, dawa ilikuwa imefanya kazi,
na bado karatasi ilisema mwisho,
kwa kuwa kuna mambo ambayo tundu halionyeshi.
Nilimpulizia. Safari hii sikuacha kupuliza.

Mwili, nyasi za kizimba, glavu zangu,
vyote viliingia kabati la risasi kwa saa sitini.
Hata taka zetu husubiri.

Jioni Wafubwa alibisha, kofia mkononi.
"Bado anawaka?"
Nikasogeza kipimo mlangoni mwa kabati.
Tik.
Tik, tik.
"Bado."
Akavuta stuli, akaketi upande wetu wa risasi,
akafungua chupa yake ya chai.