Si, Mi, La

Dukani kwa Bashige, juu kidogo ya soko la Kadutu,
magita mawili ya besi yananing'inia kwa shingo
kati ya redio na pasi za makaa.
La kamba nne limeungua ubavuni,
mtu aliwahi kusahau sigara pale.
La kamba tano ni jeusi, limevuka Ruzizi
likiwa limeviringishwa ndani ya godoro.

"Dada, chukua tano. Nne ni za jana."
Ananitajia kamba, kuanzia ile nene:
Si, Mi, La...
Nacheka. Gita lenyewe linakana:
si mi, la!
Hajaelewa. Anapangusa vumbi.

Nalipakata. Shingo yake ni pana
kama ubao wa kukatia mboga,
na vidole vyangu ni vya mama yangu, vifupi.
Halafu kuna hili gumba.
Miaka tisa limelala juu ya Mi,
umeme ukikatika katikati ya sala
linajua lilipo. Nikiweka kamba nyingine juu yake
litarudi usiku na kubisha kwa jirani.

Ningeondoka na lile lililoungua, basi,
kama si Papa Cirhuza.
Tulianza naye kwenye Sol.
Mwaka wa mafua akaomba Fa,
Pasaka akaomba Mi, bila kututazama.
Sasa anaimbia Re, na kwenye mazishi
huteremka hadi Do, taratibu,
kama mtu anayeshuka Kadutu mvua ikinyesha,
mguu mmoja ukiuliza kabla ya mwingine.
Nami, kamba zimeniishia,
naruka juu, namwitikia kutoka darini.
Anayeshuka utelezi
anataka mtu aliyetangulia chini.

Nikalipa nne. Nikaongeza dola kumi
kwa kamba moja nene, peke yake, kwenye karatasi.
Zihindula, fundi wa funguo,
akapanua mfuo kwa tupa yake ndogo
huku akilalamika kwamba hii si kufuli.
Tukasogeza zote: Si, Mi, La, Re.
Sol ikakosa nafasi.

Nisidanganye: gumba limepotea vilevile.
Jumapili ya kwanza nilikosea mara tatu,
na Nsimire wa sauti ya kwanza aligeuka kila mara.
Spika yetu, iliyoshonwa kwa uzi wa viatu,
ilikohoa tu nilipofika kwenye ile Do.
Hakuna aliyeisikia.
Lakini maji kwenye glasi ya mchungaji yalitetemeka,
na Papa Cirhuza, macho kafumba,
aliteremka hadi mwisho
akasimama juu yake.

Sol nilimpa mama.
Ameifunga vijiti huku na huku,
anakatia miche ya sabuni sokoni.
Inaacha mistari midogo ubavuni mwa kila kipande.
Wateja wanadhani ni chapa.