Maji ya Bafuni, Ghubra

Wiki ya pili hii Shinuna anaoga kwa ndoo.
Beseni kubwa la bafuni lina wageni:
kitatange wa manjano, na kangaja
mweusi wa wino, mwenye wembe mkiani.
Kipande cha bomba la plastiki ndiyo nyumba.
Mchanga sikuweka. Mchanga
hunywa dawa kabla ya mgonjwa.

Siku ya nne, chembe nyeupe,
kama mtoto kamwaga chumvi
juu ya pezi, juu ya shavu.
Kangaja anajikuna kwenye bomba,
ubavu huu, ubavu ule,
anajikuna kama mtu.

Nje joto nyuzi arubaini na sita.
Nimekalia kifuniko cha choo,
miwani puani, chupa mbili magotini.

Hii shaba: buluu, nzuri kama kito,
tena haina msamaha.
Ikipungua, kimelea anacheka;
ikizidi, unazika.
Na kangaja na shaba hawapatani.

Hii nyingine nimeitoa Sib,
duka la dawa za ngamia,
nyuma ya marobota ya majani makavu.
Sajeevan aliipangusa vumbi kwa kiganja:
"Ngamia ana homa?"
"Samaki."
Hakucheka. Aliandika risiti.

Nimesoma jina mara mbili.
Klorokwini.
Kumbe wewe!
Mara ya mwisho tulionana Wete,
mimi darasa la tatu, pua nimebanwa,
uchungu umeishinda sukari, umeishinda chai,
na usiku mwili mzima upupu,
najisugua kwenye ukuta wa chokaa
ubavu huu, ubavu ule.
Homa ilikwisha Jumanne.
Mwasho ulikaa hadi Ijumaa.

Kangaja, nakuonea haya:
nikupe mwasho wangu
upone mwasho wako?

Huyu mdudu ana akili.
Akiwa chini ya ngozi, dawa haimpati.
Akishuka sakafuni akajifungia ganda, haimpati.
Hupatikana njiani tu,
ametoka kwake, hajafika kwa mwenzake,
uchi, anaogelea kutafuta mlango.
Hapo, Mungu anisamehe, namwelewa.
Nami nilishawahi kuwa njiani,
bahasha kifuani, nyumba sina
huku wala kule,
na kila afisa akinitazama kama ugonjwa.

Lakini samaki anahema mbio.
Huruma ina foleni, na mdudu yuko nyuma.

Nimepima kwa mizani ya shemeji,
sonara wa Matrah, inayohesabu hata pumzi
(nimebana yangu).
Nimekoroga kwenye jagi, nimemimina polepole,
nimezima taa, maana dawa hii
mwanga huila.

Mlango unagongwa.
"Umeshaamua?"
"Nishaamua."
"Siku ngapi?"
"Thelathini."

Kimya.
Kisha jikoni, bomba linafunguliwa,
ndoo inaanza kujaa.

Kitatange hakuulizwa.